Nani Ameishika Modemu?

4 Mei

Mwanangu Kitinda,

Huku sote wazima. Baba yako anashona kama kawaida, miguu inavimba jioni lakini ukimuuliza anakwambia ni viatu. Mimi nina afya ya kutosha kugombana na mashine, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ile kazi niliyokudokezea nimeipata, ila bado haijanifika mkononi. Hospitali wanataka kadi zote za zamani za wagonjwa ziingizwe kwenye kompyuta. Msimamizi wa kumbukumbu aliniita, na kwa kuwa mdomo wake bado sijazoea kuusoma, akaniandikia kwenye karatasi: "Kama kuna mtu duniani anayeweza kusoma miandiko ya madaktari wetu, ni Mama Laini." Nilifurahi kuliona hilo jina. Tangu homa ya uti wa mgongo inichukulie masikio na swichibodi ya simu za hospitali apewe msichana mwingine, nilidhani limezikwa.

Mpango wenyewe ni huu. Kazi nitaifanyia nyumbani, kwenye ile kompyuta uliyotuachia. Kila asubuhi kompyuta ya hospitali itaipigia simu hii yangu, iniletee kadi za siku hiyo na kuchukua nilizomaliza, na msimamizi ataweza kuona skrini yangu akiwa kulekule mezani kwake. Fundi wao alikuja akaniwekea programu ya kuingilia kutoka mbali. Nikiwasha mashine, programu inatakiwa ijifungue yenyewe, itulie, isubiri kupigiwa. Badala yake, kila nikiwasha naletewa kisanduku chenye maneno haya, nanakili kama yalivyo: "Modemu haipatikani. Huenda inatumiwa na programu nyingine."

Programu ipi nyingine? Kuna mimi, kuna mashine, kuna waya wa simu. Nilimfuata fundi wao, akaniambia nikipata shida nimpigie simu. Mimi! Nilicheka mpaka watu wa mapokezi wakageuka.

Najua huko mgodini hamruhusiwi simu za nyumbani na barua zinasubiri lori la vifaa. Basi niandikie taratibu, kama unavyomwandikia mtu asiyejua kitu lakini asiyekubali kushindwa.

Mama yako


11 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Lori limefika leo, nami najibu palepale ili barua irudi nalo.

Hongera kwa kazi. Hapa kambini nimeitangaza kwa kila niliyekutana naye, hata mpishi, ambaye hakuniuliza.

Sasa tuingie kazini. Modemu, kile kisanduku cheusi chenye taa nyekundu, ndiyo mdomo na sikio la kompyuta. Inazungumza na mmoja tu kwa wakati mmoja. Mashine ikiwaka, programu zote zinakimbilia nafasi zao, na kuna mwingine anayeifikia modemu kabla ya programu ya hospitali. Hili wewe unalijua kuliko mimi, ni sawa na wapigaji wawili wanaogombea laini moja.

Mimi namshuku kipanya. Kwenye kompyuta za umri huo, kipanya na modemu huweza kupangiwa njia moja, wakakanyagana mashine inapowaka. Zima kabisa. Nyuma kuna matundu mawili yanayofanana, kipanya kimechomekwa kwenye la juu. Kichomoe, ukichomeke kwenye la chini. Washa, halafu uniambie.

Usimsubiri fundi wao. Unaweza mwenyewe.

Mwanao, Kitinda


17 Mei

Kitinda wangu,

Kipanya chako hakina hatia, nami nimekitesa bure.

Nilikihamisha kama ulivyosema. Nikawasha. Mshale ukaganda katikati ya skrini, na mbele yake kisanduku kilekile kinanitolea macho: "Modemu haipatikani." Sasa nikawa na matatizo mawili na sina cha kubofyea. Baba yako akapita na sindano mdomoni, akatikisa kichwa, akanionyesha kiti cha barazani. Maana yake: kapumzike. Siku hizi ni neno lake moja hilo, pumzika, pumzika. Nilipumzika mwaka mzima kitandani, mwanangu, nimeshapumzika hata ya uzeeni.

Nilijua tu kibodi inatosha. Nikatafuta vibonye kimoja kimoja mpaka nikaweza kuizima vizuri, nikawasha tena, na mara hii kipanya kikaamka chenyewe kwenye tundu lake jipya. Kwa hiyo kipanya kinafanya kazi, modemu bado imeshikwa.

Nipe mshukiwa mwingine.

Mama yako


24 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa yule kipanya. Ila sasa tumemtoa kwenye orodha ya washukiwa, na hiyo nayo ni hatua.

Kuna mahali ambapo kompyuta imehifadhi majina ya programu zote zinazoanza nayo. Fungua menyu ya kuanzia, nenda kwenye programu, utaona folda ya zile zinazojifungua mashine ikiwaka. Utakuta picha kadhaa ndogo. Usizitoe zote kwa pamoja, hutajua mkorofi ni nani. Toa moja, uiweke pembeni kwenye skrini, zima, washa, tazama. Kama kisanduku bado kinakuja, irudishe, utoe inayofuata. Isipokuwa ile ya hospitali, hiyo usiiguse.

Kazi hii inachosha, kwa kuwa mashine inachukua muda kuamka. Lakini nakujua. Wewe ndiye uliyekaa na uzi wangu wa tiara uliojifunga mafundo mpaka ukaufungua, mimi nikiwa nimeshalia na kulala.

Mwanao, Kitinda


30 Mei

Kitinda,

Nimemkamata! Halafu ameniponyoka. Sikiliza.

Nilitoa moja, nikazima, nikawasha. Kisanduku. Nikarudisha, nikatoa nyingine. Kisanduku. Baba yako akaacha cherehani akaja kusimama nyuma yangu. Nilimhisi tu kwa jinsi mwanga wa dirisha ulivyopungua. Nikatoa picha moja ndogo ya simu inayotoka karatasi mdomoni, ambayo sikumbuki kuiona ulipotuachia mashine. Nikazima, nikawasha. Na programu ya hospitali ikafunguka, safi, ikaandika katikati ya skrini: "Tayari. Inasubiri kupigiwa."

Niliruka. Kweli niliruka, na mgongo huu. Nikageuka kumwonyesha baba yako, akapiga makofi mawili matatu, akarudi kwenye cherehani yake. Uso haukuwa wa mtu aliyefurahi, lakini sikujali, furaha yangu ilitosha wawili.

Asubuhi nikawasha ili nijionee tena. Kisanduku kilekile! Nikaenda kwenye folda, na ile picha ya simu imerudi mahali pake, imekaa kama haijawahi kuondoka. Nikaitoa. Kesho yake imerudi. Jana nimeitoa, leo imerudi.

Zipo programu zinazojirudisha zenyewe? Kama zipo, zinakatwaje mizizi? Hospitali watajaribu kupiga siku yoyote wiki hii.

Mama yako


31 Mei

Kwa mwanangu,

Mama yako hajui kwamba nakuandikia. Barua hii nimeipeleka posta mwenyewe, sikuiweka kwenye bahasha yake.

Ile programu haijirudishi. Ninairudisha mimi.

Ni ya faksi. Jirani yetu mwenye duka la vifaa vya ofisi alinipa diski na kunifundisha, wakati mama yako akiwa kliniki. Nimekuwa nikiandika kwenye hospitali za masikio za nchi za mbali, nikiwaeleza homa ilivyokuwa na jinsi alivyoamka hasikii. Majibu hayana saa, kwa hiyo faksi lazima iwe imeshika laini tangu mashine inapowaka. Mama yako akiwa bado amelala, nawasha, naangalia, naiweka sawa, nazima.

Hospitali moja ilijibu zamani kidogo. Walisema neva zimekufa, upasuaji hauwezi kusaidia. Sikumwonyesha. Wale hawajamwona hata kwa picha, wanajuaje? Nimeandika kwingine, na kwingine wamesema watalijadili. Jibu linaweza kuja kesho. Akipona masikio, watamrudishia swichibodi yake, atakuwa na haja gani ya kukodoa macho kwenye kadi za watu waliokwisha kupona au kufa?

Wewe humwoni, mwanangu. Mimi bado namwita akiwa jikoni. Naita, nasubiri, halafu ndipo nakumbuka.

Najua kazi yake imekwama kwa ajili yangu. Mwandikie chochote, mwambie mashine ni mbovu, ajisubirie mwezi mmoja tu. Usimwambie ya faksi. Nisingependa atumaini halafu avunjike.

Baba yako


2 Juni

Kwa Mama Laini,

Salamu kutoka ofisi ya kumbukumbu. Leo asubuhi kompyuta yetu iliipigia yako mara kadhaa. Simu ilipokelewa kila mara, lakini fundi wetu alisikiliza na kusema kinachopokea ni mlio wa faksi, si programu tuliyokuwekea. Kama una mashine ya faksi hapo nyumbani, tafadhali iondoe kwenye laini.

Tutapiga tena Jumatatu ya tarehe 19, asubuhi, tukianza kazi. Mkurugenzi ameniambia wazi kwamba ikishindikana siku hiyo, kazi atapewa mtu wa kukaa hapahapa ofisini. Mimi ningependa iwe wewe. Jana nilitumia nusu ya asubuhi kusoma neno moja la daktari wa mifupa, na bado sijalipata.

Msimamizi wa Kumbukumbu


6 Juni

Kitinda,

Usihangaike tena na mizizi ya programu. Nimeshajua.

Hospitali wameniandikia kwamba kompyuta yangu inapokea simu kwa mlio wa faksi. Faksi! Basi ile picha ya simu yenye karatasi ndiyo hiyo. Na kwa kuwa sikuiweka mimi, na wewe uko mgodini, kwenye nyumba hii anabaki mtu mmoja.

Leo niliamka mapema kuliko kawaida yangu. Nikasimama mlangoni. Baba yako alikuwa amekaa mbele ya mashine, mgongo umeinama kama anatunga uzi, anabonyeza kwa kidole kimoja. Sikumwita. Nilirudi kitandani nikajifunika shuka mpaka kichwani kama mtoto.

Nimewaza kutwa nzima, na nimepata jibu moja tu. Anawaandikia hospitali wasinipe kazi. Ndiyo maana hakufurahi siku ile. Ndiyo maana kila siku pumzika, pumzika. Amekwisha kuamua kwamba mke wake ni mtu wa kukaa barazani na kutazama wapita njia. Mtu niliyeishi naye umri wote huu, ananinyima kwa siri kitu ambacho angeweza kunikatalia usoni! Ningegombana naye, tungemaliza. Lakini hivi?

Kazi siiachi. Modemu nimeichomoa. Mchana naitia kwenye mfuko wa gauni, nikilala naiweka chini ya mto. Leo amezunguka chumba kizima akiitafuta, akainama hadi chini ya meza, nami nakata kitunguu kama sina habari. Tarehe 19 nitaichomeka kwa mkono wangu mwenyewe, na atakayeigusa tutaonana.

Mama yako


7 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Sikuwahi kukukatalia jambo, na hili nalikataa. Sitamwandikia mama kwamba mashine ni mbovu. Mashine ni nzima na yeye ameitengeneza. Alimpata mkorofi peke yake, kwa barua tu, bila mtu wa kumshika mkono. Kila asubuhi wewe unamrudisha mwanzo, naye kila asubuhi anaanza upya. Unaona unavyomfanyia?

Nakuelewa. Nami nilipopata habari za homa ile nilitaka kuziandikia hospitali zote duniani. Lakini kabla sijaondoka nyumbani, daktari alituandikia mimi na mama karatasi moja, wewe ukiwa nje ya wodi na jamaa. Ilisema neva zimekufa. Mama aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Baba yako tumwambie polepole." Sijui kama aliwahi kukwambia. Naona bado alikuwa akitafuta siku nzuri.

Kwa hiyo usiogope kwamba atatumaini halafu avunjike. Yeye alishalia akamaliza. Aliyebaki ni wewe.

Mwambie wewe mwenyewe, Baba, kabla kazi haijampotea. Asilisikie kwangu.

Mwanao, Kitinda


20 Juni

Mwanangu Kitinda,

Kaa chini, barua hii ni ndefu, na kadi zangu za leo nimeshazimaliza.

Jumamosi baba yako alirudi kutoka posta, akafunga mlango wa mbele wakati wateja walikuwa bado wanakuja. Akanijia jikoni akanyoosha kiganja. Anataka modemu. Nikamwambia, "Sikupi." Akabaki amenyoosha. Nikamwambia, "Unataka kuwaandikia nini tena?" Akaenda kukaa mbele ya kompyuta, akaiwasha bila modemu, akafungua ukurasa mtupu, akaanza kuandika kwa kidole chake kimoja. Unamjua, kuchapa neno moja kunamchukua muda wa kushona mfuko. Nilisimama nyuma yake, nimekunja mikono, nikatazama herufi zikitoka moja moja.

Akaandika: "faksi ni yangu."

Nikasema, "Hilo nalijua. Kwa nini umeniharibia kazi?"

Akageuka kunitazama, akashangaa kwelikweli, akarudi kwenye kibodi. "si kazi. masikio. natafuta wa kukutibu."

Nilivuta kiti nikakaa. Siku zote zile nilikuwa nimemjengea kesi kubwa kichwani, na hukumu nimeshaitoa. Nikamuuliza, "Wamesemaje?" Halafu akachapa, "hawawezi. hata hawa wa pili. jibu lilikuja kabla hujaficha modemu."

"Na bado uliitafuta chini ya meza?"

"kuna wa tatu."

Hapo nikamshika mkono, nikautoa kwenye kibodi. Nikamwambia yale ambayo ilinibidi nimwambie tangu nilipotoka wodini, kwamba nilijua. Kwamba mimi na wewe tuliisoma karatasi ya daktari, na nilikuwa nikisubiri siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri haikuja. Alilia, Kitinda. Mimi sikulia. Nilimpa ukingo wa khanga, akajifuta, akanirudishia umelowa.

Akataka kuifuta programu yake palepale. Nikamkatalia. Nilichomeka modemu, nikakaa kwenye kibodi mimi, nikawaandikia wale wa tatu kwa mkono wangu: "Mgonjwa anayezungumziwa ni mimi. Nawashukuru kwa kulifikiria jambo langu. Nimeshaanza maisha mengine, na laini hii naihitaji kwa kazi. Msijisumbue kujibu." Tukaituma pamoja. Nikatazama taa zikicheza mpaka zikatulia. Baada ya hapo nikamwachia kipanya, akaitoa faksi mwenyewe. Si kwenye ile folda tu, bali kwenye mashine nzima. Nilimwonyesha njia, mkono ulikuwa wake.

Jana Jumatatu nikavaa gauni langu la kazini, lile la enzi za swichibodi. Usinicheke. Nikawasha. Mashine ikajizungusha, picha zikajipanga, hakuna kisanduku. "Tayari. Inasubiri kupigiwa." Nikaweka kiganja juu ya modemu, nikangoja.

Taa ikawaka. Programu ikaandika "Inapokea." Halafu ikakatika. Nikatoka mbio kwenda chumba cha mbele, nikamkuta baba yako ameshika mkono wa simu sikioni, anasema haloo, haloo! Kengele ilipolia alisahau, akapokea kama siku zote. Aliponiona alivyouachia ule mkono ungedhani umemuunguza. Nilipiga kelele, hata mimi niliihisi kooni. Nikamwambia, "Weka chini, na mikono ikalie!" Akarudisha simu mahali pake, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaikalia mikono yake yote miwili kama mtoto aliyeadhibiwa.

Sikujua kama watapiga tena. Nilirudi nikazima, nikawasha upya, nisije nikaacha kitu kimekwama. "Tayari. Inasubiri kupigiwa." Nikatazama ile taa bila kupepesa. Ikawaka. "Inapokea." "Imeunganishwa." Mshale ukaanza kutembea wenyewe kwenye skrini yangu, mkono wangu ukiwa mapajani, na ukurasa ukafunguka, na maneno yakatoka:

"Habari za asubuhi, Mama Laini. Unaniona?"

Nikaandika, "Nakuona. Lete kadi."

Akanitupia mzigo, na juu kabisa kaweka lile neno la daktari wa mifupa. Ni "nyonga". Nililisoma kabla halijamaliza kufunguka. Nimefanya kazi hadi mchana, macho yananiuma na shingo imekakamaa, na leo asubuhi wamepiga tena, wakaunganishwa mara moja.

Sasa nikwambie la mwisho. Jana jioni baba yako alitoka, hakusema anaenda wapi. Aliporudi nilimwona dirishani, nikadhani ni mgeni. Amenyoa masharubu. Yale masharubu aliyonioa nayo, yote, hakubakisha hata unywele, na mdomo wa juu umebaki mweupeweupe kama mguu uliotolewa plasta. Kumbe alimuuliza msimamizi wa kumbukumbu namna ya kuzungumza nami, alipokwenda kuniombea radhi kwa ile faksi, akaambiwa mtu anayesoma midomo anataka aione. Mwaka mzima nimekuwa nikisoma maneno yake kupitia kichaka, sikujua hata kwamba naweza kulalamika.

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu mahali penye mwanga. Akanitazama usoni, akasema polepole, "Umechoka?"

Nikamwomba arudie. Nilikuwa nimeelewa mara ya kwanza. Nilitaka tu kumwona akisema.

Mama yako